Zawadi za Ngazini

Chaki mpya alikuwa akizivunja. Ungemletea boksi zima, umelichagua kwa taabu, umelibeba kifuani safari nzima lisigonge kitu, naye angelifungua mbele ya macho yako, atoe kijiti kimoja kimoja na kukikata katikati kwa vidole, huku akikuuliza habari za safari. Mara ya kwanza nilidhani ameudhika. Nilikuwa nimesimama ngazini, kofia mkononi, na kila kijiti kilipokatika nilishtuka.

"Mbona unazivunja, Bi Mwalimu?"

"Kijiti kizima kinajidai," alinijibu. "Hakishikiki. Nikikivunja ndo kinakuwa changu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijifunza namna ya kumchagulia zawadi mtu anayechora kwa chaki za rangi, zile ambazo wachoraji wenyewe wanaziita pasteli. Nilikuja kuwa bingwa. Mpaka leo ukiniambia una ndugu mchoraji, nitakwambia umnunulie nini na usimnunulie nini, tena kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kukosea kila kimoja. Lakini siufurahii ujuzi huo, na nikikueleza niliupata kwa nani utaelewa kwa nini.

Tulimwita Bi Mwalimu. Alikuwa amesomesha kuchora katika skuli ya wasichana, kazi akaiacha, jina likabaki. Alikaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, katika uchochoro ambao watu wawili wenye vikapu hawapishani mpaka mmoja aingie mlangoni mwa watu. Mimi na mke wangu tulikaa chini yake, ghorofa ya kati. Neno "tulikaa" ni jepesi mno. Tulipewa. Baada ya Mapinduzi nyumba ile ilichukuliwa na serikali, wenyewe wakiwa wamekwisha kuondoka, na vyumba vikagawiwa. Mimi nilikuwa mtumishi wa melini, nikiwaandalia abiria chakula kwenye meli iliyokwenda Pemba, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, na nilikuwa nikiishi Mpendae katika chumba kimoja kinachovuja. Nikakabidhiwa ufunguo. Mke wangu alilia kwa furaha, na mimi nilifurahi vilevile, nisiseme uongo.

Aliyekuwa akikaa vyumba vile kabla yetu alikuwa mshonaji wa Kihindi, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Fundi. Alikuwa shoga yake Bi Mwalimu, shoga wa kufa na kuzikana. Kila alasiri, kwa miaka na miaka, Bi Mwalimu alishuka na ubao wake wa kuchorea, akaketi katika chumba ambacho sasa ni changu, akamchora mwenzake akishona dirishani. Hayo sikuyajua siku ninaingia. Nilivikuta vitu tu: kitanda, kioo cha ukutani, na cherehani juu ya meza yake, uzi mwekundu bado umo sindanoni.

Wiki ile ile ya kwanza mke wangu aliketi kuijaribu cherehani. Alishona mshono mmoja mrefu kwenye kitambaa kibovu, akicheka kwa namna ilivyokuwa laini. Mara tukasikia miguu mitupu inashuka ngazi kutoka juu, mbio, mbio za mtu asiyefaa tena kukimbia. Pazia likafunguliwa. Bi Mwalimu akasimama kizingitini, mikono imejaa unga wa rangi mpaka viwikoni, uso umeng'ara. Akamtazama mke wangu pale kwenye cherehani. Uso ukazimika.

"Samahani," alisema. "Nlidhani..."

"Karibu, bibi," mke wangu alimwambia, ameshainuka.

"Nshakaribia," alisema, akarudi juu, safari hii polepole.

Baada ya siku ile hakuingia tena kwetu, na mimi sikumwomba aingie. Nilinunua pazia zito zaidi. Tukikutana ngazini nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, na kama nimetoka safarini nilikuwa na kitu cha kumpa. Zawadi zote nilimpa ngazini. Mlangoni pangu palikuwa hapapiti kitu chake.

Alikuwa mtu wa kutazama watu mpaka wakaona haya. Kwenye hitma, wenzake wameinamia juzuu zao, yeye alikuwa akitazama jinsi mwanga unavyolala juu ya sinia ya halua. Bwana harusi mmoja alimlalamikia mama yake kwamba kuna bibi amelikodolea macho sikio lake tangu aingie. Alipoulizwa, Bi Mwalimu alisema sikio lenyewe lilikuwa zuri kuliko bwana harusi, na aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, mama wa bwana harusi yupo pale pale.

Alikuwa mcha Mungu, na alikuwa akichelewesha sala. Jua la alasiri likiwa mahali pake hakuinuka, hata adhana iwe imeshaadhiniwa misikiti yote ya jirani. "Sala nnaweza kuilipa," alikuwa akisema. "Mwanga wa leo nitaulipa wapi?" Kisha akitawadha alikuwa akilia, akimwomba Mungu msamaha kwa maneno hayo hayo aliyoyasema, na kesho yake anayarudia. Chaki nyeusi hakuitaka ndani ya nyumba. Alisema kivuli hakina weusi, ni rangi iliyochoka tu. Ukimsifu kwamba picha yake imetoka kama ya kamera, hasemi nawe tena wiki nzima.

Alikuwa bahili, na alikuwa karimu, na hukujua leo utamkuta yupi. Vipande vya chaki vidogo kuliko punje ya hindi hakuvitupa. Alivisaga, akavikanda kwa maji, akavisokota kama tambi na kuvianika dirishani, vikawa vijiti vipya vya rangi isiyo na jina. Lakini mtoto yeyote wa uchochoroni akitaka chaki ya kuchorea chini mchezo wa kuruka, alipewa, tena ile nzuri, niliyoitoa Mombasa. Nilimwona binti yangu mwenyewe anarukaruka juu ya buluu niliyoitafuta duka kwa duka.

Na mchele! Chaki zikikaa pamoja huchafuana, nyekundu ikawa na kijani, njano ikawa na matope. Yeye alizifukia ndani ya mkebe wa mchele, akautikisa, na mchele ukaondoka na uchafu wote. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyejali. Lakini ukaja wakati mchele ukawa wa foleni na wa kupimiwa, watu wanakula mihogo na ndizi, na mwanamke mmoja wa jirani akauona ule mkebe. Mtaa ulichemka. Wakasema ati Bi Mwalimu anakula wali wa rangi. Yeye aliuchukua mchele wote, akauosha maji hata sijui mangapi, akaupika, akampelekea yule yule mwanamke sahani iliyofunikwa kawa. Tangu siku ile akatumia pumba, na alininong'oneza ngazini kwamba pumba zinafanya kazi vizuri zaidi, laiti angelijua zamani.

Zawadi yangu ya kwanza kabisa, kabla sijajua lolote, ilikuwa kalamu za nta kutoka Dar es Salaam, zile za watoto. Ya pili ilikuwa karatasi, nyeupe, nzito, inayong'aa kama kigae. Niliipenda kwa kung'aa kwake. Kwetu zawadi ukishapewa huifungii kabatini. Aliyekupa lazima aione inatumika, la sivyo atajua hukuipenda. Bi Mwalimu alichora matunda ya mashokishoki kwa kalamu zangu za nta juu ya karatasi yangu inayong'aa, akayatundika ukutani ngazini, mkabala na mlango wangu. Yalikuwa mabaya, yametelezateleza. Mimi nilijiona mtu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la karatasi Mombasa. Nilimwambia nataka kalamu nyengine za nta kwa ajili ya mchoraji.

"Anachora na nini, huyo mchoraji wako?"

"Chaki za rangi. Na karatasi nilishampelekea, ya kung'aa."

"Basi haya mafuta unampelekea ya nini?" Alinishika mkono, akanifumbisha macho, akanipapasisha karatasi moja baada ya nyengine. Moja laini, moja ya kukwaruza, moja kama ulimi wa paka. "Chaki ni unga," alisema. "Unga unataka mahali pa kushika. Ile yako ya kung'aa, mpe mtu wa kadi za harusi."

Niliporudi nilimwuliza Bi Mwalimu kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie nini, na umetoka nayo Dar mpaka hapa?" alisema, akayaondoa mashokishoki ukutani kwa utaratibu, akaniuliza kama naruhusu.

Kutoka hapo nikaanza kuchagua kwa akili. Nilimletea msasa mwembamba kutoka kwa seremala wa meli, na aliupokea kama hariri, kwa sababu msasa unashika chaki kuliko karatasi yoyote. Nilimwekea mifuko ya khaki ya sukari, nikaikunjua na kuipiga pasi. Nilijua kwamba boksi dogo la rangi njema linashinda boksi kubwa la rangi za kuringishia, kwamba kijiti kizuri ukikipitisha kidoleni kinaacha rangi bila ya kukikandamiza, kwamba picha ya chaki haipakwi kitu na haiguswi, inawekwa nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kisiilalie. Nilimletea vipande vya vioo, na vitambaa vya pamba vya kufutia, na kitambaa cha kujifunga puani kwa sababu ule unga ulikuwa ukimkohoza. Forodhani afisa mmoja alilifungua boksi langu siku moja, enzi ambazo poda na rangi za midomo zilikuwa hazitakiwi, akaniuliza ni za mke wangu. Nikamwambia ni za bibi mchoraji, makamo ya mama yangu. Alijisugua ile ya waridi nyuma ya mkono, akanitazama, akaniachia. Mkono wake ulishinda na waridi kutwa nzima, na Bi Mwalimu nilipomhadithia alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

Nilipenda kumchekesha. Akicheka nilijihisi nimesamehewa, ingawa hakuna aliyekuwa amenishitaki.

Siku moja, naye amekaa hapo hapo kwenye ngazi, alisema bila ya kunitazama, "Nampoteza."

"Nani?"

"Shoga yangu." Picha zote alizomchora Bi Fundi alimpa mwenyewe, na mwenyewe aliondoka nazo. Hakujiwekea hata moja. Nani anaweka picha ya mtu anayekaa chini ya ngazi zake? Sasa alikuwa anajaribu kuuchora uso ule kwa kukumbuka, kabla haujafutika. "Pua nnayo. Kidevu nnacho. Lakini alasiri, mwanga ukigonga ukuta wa mbele ukarudi ndani, ulikuwa ukimpiga hapa," akajigusa chini ya jicho, "na uso wote ukawa wake. Hapo ndo panaponiponyoka."

"Rangi gani inakosekana? Nakwenda Mombasa kesho kutwa."

"Si rangi, mwanangu."

Akalitazama pazia langu. Kidogo tu, kisha akatazama mikono yake. Nilielewa. Ningependa kusema sikuelewa, lakini nilielewa pale pale. Alichokitaka ni kuketi mahali pake pa zamani, ndani mwangu, saa ya mwanga ule, na kulitazama dirisha lile. Na Bi Mwalimu hakuwa mtu wa kuomba kuingia nyumba ya mtu. Anayesema karibu ni mwenye nyumba.

"Nitakutafutia rangi za kahawia," nilimwambia. "Za kila namna."

Nikamletea. Kahawia ya karafuu kavu, kahawia ya udongo mwekundu, kahawia ya chai ya maziwa. Safari baada ya safari nilimletea rangi za ngozi, na kila nilipompa alishukuru, akazivunja, akapanda juu. Nilisema karibu mara nyingi, ile karibu inayosemwa huku mtu ameziba mlango kwa bega. Yeye alijibu nshakaribia. Sisi watu wa hapa tunaweza kuambiana maneno hayo umri mzima bila ya mmoja kuvuka kizingiti.

Niliogopa nini? Kitanda kile kile nilikilalia. Kioo kile kile nilijitazamia. Cherehani tuliiondoa dirishani, tukaweka kabati, kwa hiyo mwanga wenyewe tulishauziba. Niliogopa aone tulivyopageuza. Na niliogopa zaidi kwamba akiketi mle mara moja, na akalia, chumba hakitakuwa changu tena. Mke wangu alikuwa hana hofu hizo. "Mwite bibi wa watu aingie," alikuwa akiniambia. Nilisema kesho. Mara moja alinikuta nafungua kifurushi kipya cha chaki kutoka Mombasa, akasimama mikono kiunoni. "Unampa kila kitu ulimwenguni," alisema, "kiti tu unamnyima."

Ikapita miaka. Katika miaka ya sabini, mwanzo wake, Bi Mwalimu akawa hashuki tena ngazi ila kwa dharura, kifua kilimzidi. Nilirudi safari moja na boksi ambalo yule mzee wa Mombasa alilitoa nyuma ya duka, akaniambia ndilo la mwisho, hayaji tena. Kwa kuwa ngazini hakuwepo, nilipanda juu. Sikuwahi kuingia chumbani kwake. Nilibisha hodi, akaniitikia karibu, na kwake neno lilikuwa na maana yake, kwa sababu aliondoa vitu kitini nikae.

Kuta zote zilikuwa Bi Fundi. Juu ya msasa, juu ya mifuko ya sukari, nyuma ya vioo nilivyovileta mimi. Mamia ya alasiri yake yalikuwa pale. Nami, ambaye sikumwona mwanamke yule hata siku moja, niliweza kuona kwamba hayupo. Walikuwa wanawake wengi waliofanana kama ndugu, kila mmoja na kahawia yake nzuri, na hapana wawili waliokuwa mtu mmoja.

Nililiweka boksi chini.

"Bi Mwalimu," nilisema, "karibu kwangu. Karibu ndani."

"Sasa hivi?"

"Sasa ndo alasiri."

Aliinuka, akachukua ubao wake. Nilitangulia mbio. Mimi na mke wangu tulilisukuma kabati mpaka ukuta wa nyuma, tukairudisha cherehani dirishani, na mke wangu akaling'oa lile pazia zito, hakulifungua, alilitoa na kamba yake. Bi Mwalimu alikuwa akishuka kwa mikono miwili, ngazi moja, anapumzika, ngazi moja. Aliingia na mguu wa kulia, akataja jina la Mungu. Kitanda hakukitazama, wala kioo. Alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kijibaraza karibu na mlango, mahali ambapo sisi tulikuwa tukiweka viatu.

Jua likafika ukuta wa mbele. Mwanga ukarudi ndani, ukalijaza dirisha lote, ukaipanda cherehani. Sikuwahi kuuona; tulikuwa tumeuzibia kabati. Bi Mwalimu aliinyanyua chaki, akaiweka karibu na karatasi, akangoja. Alingoja mpaka mke wangu akatoka taratibu na mtoto.

"Mwanga ndo huu," alisema mwishowe. "Ndo wenyewe. Lakini yeye simwoni."

"Labda kesho, Bi Mwalimu. Utakuja kila siku. Mlango..."

"Hapana, mwanangu. Miaka ile ya mwanzo ningemwona. Sasa keshakwenda."

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," nilisema.

Nilitaka anikatalie. Nilimngoja aseme la, usiseme hivyo, ni mipango ya Mungu, maneno ambayo mtu yeyote mwenye adabu huyasema, na hakuna aliyekuwa na adabu kuliko yeye.

"Naam," alisema. "Ni wewe."

Akaifuta karatasi kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. Akaninyooshea kidole dirishani.

"Kaa pale."

"Mimi?"

"Karatasi nshaitandika, na mwanga hauningoji. Kaa pale pake."

Niliketi nyuma ya cherehani. Mbao zilikuwa na joto la jua. Nikasikia chaki inaanza kukwaruza, ikaenda kidogo, ikasimama.

"Nauona utosi tu," alisema. "Inua uso."

Nilijaribu.

"Bado. Inua uso, mwanangu. Nauchora huo huo ulio nao."